Kamba Katikati ya Nepia

Shamba ni moja, hapa Msabaha, nyuma ya nyumba ya marehemu Yeri,
na warithi tuko wawili: mimi na shemeji yangu Thoya.
Yeye huuza majani kwa mzigo.
Mimi huuza maziwa kwa kopo.
Ugomvi tuliupanda wenyewe,
shimo moja na nepia, mbolea ile ile.

Thoya husema: Yaache yapande.
Yakimpita mtu kichwa, mizigo miwili inamlemea punda,
na mnunuzi wa Ganda hapimi utamu, anapima kamba.
Sina la kumjibu. Wiki ya kumi na mbili
shamba hujaa kama ua la arusi,
na panga likilia, linalia juu ya mti, si juu ya jani.

Lakini Thoya hajawahi kuamka saa kumi alfajiri
akamsikiliza Chausiku akitafuna.
Jani changa halina sauti, linateremka kama uji.
Bua lililokomaa huvunjika ka, ka, ka,
akalimeza, akalicheua, akalirudia
kama deni la mtu asiyelipa.
Kukicha, hori limejaa mabua yaliyorambwa
na sufuria yangu imejaa nafasi.

Tukafunga kamba ya katani. Kwake kusini, kwangu kaskazini.

Nikakata wiki ya nne, majani hayajafika gotini.
Lo, maziwa! Makopo sita, kisha manane,
mwenye hoteli wa Kwa Ndomo akaniita tajiri.
Nikakata tena wiki ya nne. Na tena.
Mara ya nne visiki vilinitazama tu.
Vikachipua vinyweleo vya manjano, ndevu za mvulana,
na magugu yakaingia bila hodi.
Kumbe nilikuwa nikikopa kwa mzizi
ambao haujapata mshahara.

Thoya hakucheka.
Alicheka kidogo.

Siku hizi sifuati kalenda peke yake,
mvua ya mwaka huu si dada wa ile ya mwaka jana.
Naingia shambani, nasimama wima.
Ncha ya jani ikigusa fundo la kanga yangu kifuani,
nanoa panga.
Nabakiza ngumi mbili juu ya udongo.
Mzigo wangu si wa kujivunia njiani,
lakini hori linabaki safi, utadhani limefagiliwa.

Jana mnunuzi wa Ganda alimrudishia Thoya mizigo mitatu:
ng'ombe wake wanachambua jani, wanamwachia kuni.
Thoya akaja mpaka kwenye kamba, akakohoa.
"Shemeji, hilo fundo la kanga...
mimi nisiyefunga kanga nipime wapi?"
Nikamkatia ufito wa kimo changu cha kifuani,
nikaurusha upande wake.
Akauokota. Akaunusa, sijui kwa nini.

Kamba bado ipo. Naanikia nguo.
Ncha moja Chausiku aliijaribu,
akaitafuna, akafikiri,
akaitema.