Swali la Tisa

Chaani, saa nne asubuhi, jua lishakalia mabati.
Nina fomu ishirini na nane, kalamu mbili,
chupa ya maji iliyopata moto
na kitambulisho shingoni: Mtafiti Msaidizi.
Mpaka swali la nane watu hunijibu kama wanaohesabu chenji:
mko wangapi, kodi ni ngapi,
usingizi waja au hauji, chakula chapita?
Kisha la tisa.
Hapo ndipo sufuria hukumbukwa jikoni.

Tulifunzwa: usilisome mbio. Usitazame saa.
Usitangulize samahani,
ukiomba radhi ushamfunza mtu kuona haya.
Liulize kama unavyouliza homa:
*Katika majuma mawili yaliyopita, umewahi kuwaza
kwamba heri usingekuwepo, au kuyakatisha maisha yako?*
Kuuliza hakupandi mbegu, alisema Daktari Mwakio.
Kama ipo, ishapandwa. Wewe wapeleka taa tu.

Bi Shufaa wa nyumba ya buluu
alisema mwanawe alikufa kwa presha.
Miaka ishirini na miwili.
Nilinyamaza, akarudia: presha.
Akanipakulia mbaazi, bakuli la maua, kifuniko juu,
nenda nazo, mwanangu, umekonda.
Nilipofika mlangoni ndipo akasema, akiutazama mlango, si mimi:
"Khitma tuliisomea ndani. Madirisha tukayafunga."
Fomu yangu haina kisanduku cha madirisha.
Nikaandika 99, hakujibu.
Sijapata kuandika uongo mkubwa kuliko ule.

Swali la kumi na nne ni la mitazamo.
Aliyejaribu kujiua ni: (a) mkosefu (b) mhalifu (c) mgonjwa.
Hinzano, msukuma mkokoteni wa maji,
aliomba kalamu, akaandika mwenyewe kwa herufi za darasa la tatu:
(d) jirani.
Msimamizi atasema fomu imeharibika.

Kombe alikuwa dereva wa lori
kabla makontena hayajapanda treni.
"Kuwaza?" Akacheka,
akacheka mpaka kicheko kikaishiwa na mafuta,
kikasimama katikati ya barabara.
"Mwanamume akisema amechoka huambiwa nenda kalale.
Sasa mimi nilale mara ngapi?"
Ulimi ulishaandaa *subira yavuta heri*.
Nikaimeza. Ilishuka kwa tabu, kama mwiba wa samaki.
Kanuni ni moja: akisema ndiyo, usiondoke.
Sikuondoka.
Fomu kumi na mbili zilibaki nyeupe siku hiyo.
Tulikaa kwenye ndoo mbili zilizopinduliwa,
tukampigia Sista Mbodze wa kliniki,
kisha nduguye wa Mikindani, aje alale naye juma hili,
asiulize sana, aje na mkeka wake.
Ndugu akaja, kweli, na mkeka kwapani,
na kuku wa kuchoma kwenye gazeti,
akamgombeza Kombe kwa nini nyumba ina giza.
Sijui hilo huitwaje kwenye ripoti.

Usiku, Tudor, najumlisha.
Ndiyo: wawili. La: watatu. 99: kumi na mmoja.
Kumi na mmoja waliokumbuka sufuria.
Bakuli la Bi Shufaa limeoshwa, liko juu ya fomu
kuzizuia upepo wa feni.
Kesho nitalirudisha, bila karatasi.
Bakuli halirudi tupu; nitatia nini?

Nami ninayeuliza sijaulizwa.
Baba yangu naye alikufa kwa presha.
Tulihama Mishomoroni wiki iliyofuata,
na jina lake likabaki kule na kabati lisiloingia garini.

Nampigia mama. Silisomi mbio.
Nalisoma lote, hadi mwisho, majuma mawili na yote.
Kimya. Redio ya jirani yake. Mtoto akikohoa.
"Umekula?" ananiuliza.
Nasema, bado.
Hakati simu.
Nami sikati.