Ganda la Chungwa

Jana usiku, bandani kwa Shekalaghe,
Ngamiani, barabara ya kumi na mbili,
feni moja, benchi lenye msumari niujuao,
nimemwona mwanamke akimenya chungwa.

Jina lake silijui; majina yalipita upesi.
Wamekuja kumwambia mwanawe hatarudi.
Hakupiga yowe. Hakuanguka.
Kisu kikazunguka, ganda likateremka
refu, jembamba, bila kukatika,

na kamera, Mungu aibariki, haikumsogelea.
Ikabaki kizingitini kama jirani mwenye haya.
Ukuta wa kijani uliobabuka, taa upande mmoja:
nusu ya uso tukapewa,
nusu akabaki nayo mwenyewe.

Hata mtafsiri wetu, aliyezoea kuropoka
juu ya kila kilio,
akanyamaza.
Nyuma yangu Semkiwa, muuza machungwa ya Muheza,
akasema polepole, kama anayejisemea:
“Huyu kamenya mengi.”

Nilipofika nyumbani nikazima taa ya umeme,
nikaweka kibatari upande wa kushoto,
nikachukua kisu.

Ganda likakatika mara tatu,
na hapo sijafiwa na mtu.