Kidato cha Kumi

Mwalimu Nsajigwa alibonyeza do kwenye kinanda
chenye jino moja lililong'oka, akasema: ta.
Si ti. Ta.
Nami, besi wa safu ya nyuma,
nikapitiliza hadi do ya juu
kama mtu anayewahi choo.
Bi Elinaja wa alto akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Hesabu majina." Do, re, mi, fa, so, la, ta.
"Saba. Tunaiita ndogo kwa sababu ti ndiyo kubwa.
Sasa hesabu hatua, nusu kwa nusu."
Kidole kikatambaa, nyeupe, nyeusi, nyeupe: kumi.
Saba ambayo ni kumi!
Nikarudi zangu Mburahati nimenuna.
Hesabu gani hizi, za mwenye duka?

Jumatatu, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
robota la vitenge begani, lifti imekufa tangu Pasaka.
Gorofa hadi gorofa, vidato kumi na viwili.
Nilivijua kwa magoti, si kwa sikio.
Cha saba kina dirisha, mtu hupumua.
Cha kumi na moja mlango wenyewe unakuvuta.
Lakini cha kumi
hakina ukuta wa kuegemea.
Chini umeshaaga, juu hujapokewa,
na mzigo ndipo unapokumbuka kwamba ni mzigo.
Nikasimama hapo, nikaimba ta.
Mwenye mali akanitukana kutoka chini.
Ilikuwa ta safi.

Tangu siku ile naisikia kila mahali.
Bi Mwanaisha, gorofa ya tatu,
mlangoni kwa mwanawe waliyegombana naye:
"Ho-diii!"
ho chini, di juu. Nikaipima. Kumi barabara.
Kimya. Jumatatu ya pili, kimya.

"Mwalimu, ta ikishafika pale, inaishia wapi?"
"Inashuka nusu moja. Inaingia la."
"La?"
"La. Lakini ukishahamia ufunguo mpya,
la hiyohiyo inaitwa mi."
Akafunga kinanda, akaenda kutafuta bodaboda.

Jumatatu ya tatu nilikuwa kidato cha kumi, jasho machoni.
"Ho-diii!"
Ndani, kiti kikasogezwa.
"Nani?"
Bi Mwanaisha akashusha sauti, kidogo tu,
nusu moja:
"Mi."

Kitasa sikukisikia.
Robota lilikuwa zito, nikapanda viwili vilivyobaki.