Dele la Tudor

Nipe kiti nikalie,
kitabu nifungulie,
usomewe usikie
yalopita kiwanjani.

Stoo hii ya mipira,
pampu, nyavu na bendera,
nimeitunza kwa ghera
kwa miaka thelathini.

Kesho wapewa funguo,
ewe mwana wa kileo,
wauliza kwa kicheko:
"Mbona dele kabatini?"

Mwanzo hatuna kikombe,
si cha bati si cha pembe,
wala pesa hata chembe
za kununua mjini.

Awadhi, kahawa chungu,
akasema, "Dele langu
limetoboka, wanangu,
basi lishindanieni!"

Mila ni kuwa mshinde
ahudumie upande
wa pili, tundu alinde
kwa kidole, moto ndani.

Umeme, Useremala,
na Uhasibu wa hila,
Mabaharia, kabila
lisiloshindwa majini.

Nchi kavu wakachoka,
saba bila wakatoka,
na refa akatoroka
kwa ukuta wa jikoni.

Kiwanja ni matumbawe:
goti likigusa jiwe,
kidonda chake, ujuwe,
ni cha hadi uzeeni.

Wale nao Uhasibu,
wakifungwa, kwa ajabu
hutoka sare hesabu
wakirudia bwenini.

Hapa, sabini na nane,
mechi zile zote nne,
wino hafifu, uone,
maji yalipenya ndani.

Mwaka wa kuvuta kamba
ya usumba, na nyembamba,
Umeme wakajikumba
wote chali mtaroni.

Wasichana wetu wapi?
Mwaka upi? Mwaka upi?
Walipewa kazi ipi?
Kumenya chungwa pembeni.

Ndipo ikaja Upishi,
na Kadzo wao, mbishi.
Katoka jiko na moshi
hadi kati uwanjani:

"Sisi pia tunacheza!
Mkija kutufukuza,
wali wenu twaunguza.
Majina yaandikeni!"

Umeme wacheka sana.
Saa kumi ya mchana,
Kadzo hana njumu, hana,
ni gambuti mguuni.

Mpira ukamjia,
gambuti likaachia,
viwili vikaingia
pamoja mle wavuni.

Refa kakuna kidevu,
akautazama wavu,
akapuliza kwa nguvu:
"Ni bao tu, nyamazeni!"

Nahodha wao Umeme
kashika dele kiume,
kaungua, asiseme,
wapishi wamo vitini.

Dele lile likalala
kwenye rafu ya masala;
Upishi hawakulala
hata adhana jirani.

Hapa chuo kilifungwa:
mgomo, vioo, mbwa,
malango yakazungukwa.
Ningeliandika nini?

Mipira nikaijaza
pumzi, bila kucheza,
ngozi isije kuoza
miezi sita gizani.

Tukawa chuo kikuu,
jengo likapanda juu.
Ulipokuwa mguu
wa goli, leo ngazini.

Kati ya gari na gari
nawaona, ni hodari,
mawe mawili, tayari,
na bawabu yu golini.

Asubuhi kaja mama,
toka Likoni, kahema,
dele akalitazama,
akatia jicho ndani.

"Tundu lingali," kanena,
"kwa hilo aliniona!"
Tukacheka, kisha tena
kaniomba kitu duni:

jina lake lisomeke.
Paandikwa "mwanamke
wa Upishi", peke yake,
kwa penseli, pembezoni.

Kalamu nikaishika,
"Kadzo Mwero" nikandika.
Wino haujakauka,
kiache wazi mezani.

Na dele, ukiulizwa,
usiache likauzwa,
tundu lisije kuzibwa:
Kadzo arudi mwakani.

Jumamosi wanacheza.
Pampu ni mbovu; kijaza,
mshiko utateleza,
funga kamba mpinini.