Usipenge

Usipenge, Ambakisye.
Hata pua ikikuwasha kana kwamba siafu wameingia,
usipenge.
Chafya ikija, ifungulie mdomo itokee huko,
kama mgeni aliyekosea mlango.

Saa nane usiku, Mbeya, mwezi wa saba.
Baridi inapenya kwenye kioo tulichokiziba kwa plasta.
Nimekupandisha kichwa kwa mito miwili
na blanketi langu la zamu, nimelikunja mara nne.
Shashi chini ya pua yako:
nyekundu ya saa tatu, waridi ya saa sita.
Nimeandika. Nimebadilisha. Nimeandika tena.

Ukisinzia namulika koromeo lako kwa tochi ya simu,
nahesabu linavyopanda na kushuka.
Anayemezameza usingizini
anakunywa damu yake kimyakimya.
Wewe umemeza mara mbili.
Nimekaa.

Jana ulinitukana kwa Kinyakyusa ukidhani sielewi.
Mimi wa Masoko, baba. Nilielewa hadi nukta.
Miaka ishirini na sita umeonja chai kiwandani,
unavuta, unasukutua, unatema,
unasema: hili limechumwa na mvua juu yake;
kisha nyama zikakuota puani
na chai zote za Rungwe zikawa maji ya moto tu.
Na mimi ndiye ninayekunyima hata hayo maji ya moto,
nakuletea uji wa vuguvugu kwenye kikombe cha plastiki.

Halafu maji ya chumvi.
Inama kwenye beseni, achama, pumua kwa mdomo,
binya chupa taratibu,
yaingie tundu hili yatokee lile.
Ulikohoa, ukalia, ukanilaumu mimi na serikali.
Binti yako Tusekile alishika beseni
akitazama dirishani.

Leo umerudi kliniki, wiki ya nne,
umevaa koti ambalo nadhani ni la harusi.
Nimekuletea chai mwenyewe, ya rangi, kali,
nikasimama kama mwanafunzi anayengoja matokeo.
Umeinusa. Umefumba macho.
Umetikisa kichwa.

Nikainama kuchukua kikombe
ukanishika mkono wa sweta,
ukaubakiza hapo, karibu na uso wako, kwa muda.

"Sista," umesema,
"asubuhi umepikia kuni za mkaratusi.
Na zilikuwa mbichi."