Kugonga Dari

Zabrze, Februari. Theluji ni ya kijivu kabla haijagusa ardhi.
Leo ni siku ya tatu tangu mshipa wake uzibe
alfajiri, akiwa ameinama kufunga kamba za viatu
ili amtoe mbwa nje.

Erwin Szołtysik, miaka sitini na mitatu,
ishirini na sita kati ya hiyo aliipitisha chini ya ardhi.
Amelalia ubavu wa kushoto kama nilivyomwagiza.
Kwenye kifundo cha mkono ana plasta,
pale walipopenyeza mrija kwenda kuzibua.
"Baridi," anasema jeli inapomgusa.
"Ya sekunde tu," nasema.
Uongo mdogo. Nausema mara kumi na moja kwa siku.

Nazima taa.
Natuma sauti ambayo hata mbwa wake asingeisikia,
ipenye kati ya mbavu, igonge, irudi,
na kile kinachorudi ndicho ninachosoma:
weupe wa nyama, weusi wa damu,
vilango vinavyopepesa kama kope za mtu mwenye usingizi.

Ukuta wa nyuma unafanya kazi yake.
Wa pembeni unafanya yake na ya jirani.
Lakini huu wa mbele,
uliokaa saa tatu bila damu,
hausinyai, haunenepi,
unaburutwa tu na wenzake
kama mlevi anayerudishwa nyumbani na shemeji zake.

Umekufa, au umepigwa bumbuwazi?
Kwenye kioo, maiti na aliyeduwaa wana sura moja.

Nadondosha dawa mshipani, kidogo,
kidogo tena. Nauchokoza.
Kilicho hai hushtuka.
Nangoja.

"Sisi tuligonga dari kwa mpini," anasema ghafla, uso ukutani.
"Kabla ya zamu. Mwamba mzima hulia kama kengele.
Uliooza hujibu kama gunia.
Ukisikia gunia, unaondoka, huulizi."
"Hukuwahi kukosea?"
Ananyanyua mkono wa kushoto kwenye mwanga wa kioo.
Vidole vitatu.

Hapo ndipo ninapouona: katikati ya ukuta,
mkunjo, mwembamba, kama mtu
anayejibu jina lake kutoka chumba cha mbali.
Kule nchani, kimya.

Naandika: kila pigo, thelathini na nne kwa mia
ya damu uliyoibeba.
Naandika: katikati, itaamka.
Naandika: ncha, sitarajii.
Kalamu haitetemeki. Hilo nalo ni ufundi,
sijui kama ni wa kujivunia.

Ukumbini, Truda mkewe amekumbatia mfuko wa ndara na mkate wa shayiri.
Ananiuliza kwa macho, namjibu kwa asilimia.
Anaingia, anamshika bega, anamwambia apige moyo konde.
"Umeshapigwa," anajibu Erwin,
na hapo ndipo Truda anacheka, kisha analia,
kisha anamvisha soksi.

*

Mei. Amekuja kwa miguu, polepole, akipumzika mara mbili.
Jeli. Baridi. Ya sekunde tu.

Katikati inasinyaa, kwa haya kidogo, lakini inasinyaa.
Arobaini na sita kwa mia.
Ningeweza kuwasha taa sasa, nikampa mkono.

Ila ncha.
Ncha niliyoiandikia *sitarajii*
imetikisika.
Au ni pumzi yake. Au ni mkono wangu.
Au ni mimi ninayetaka.
Nagandisha picha, nairudisha, naiachia.
Tena.

"Unasikia nini, daktari? Kengele au gunia?"

"Ngoja," nasema. "Bado nagonga."

Chini, kwenye nguzo ya baiskeli, mbwa anabweka mara moja.
Erwin tayari amegeuza kichwa.