Daftari la Jikoni, Tiwi

Oktoba. Joto limelegeza makucha.
Tunafungua vyumba saba, tunakung'uta mazulia,
tunamtoa nge kwenye kiatu alichosahau mgeni wa mwaka jana.
Mto huu, wenyewe wanauita wadi,
unatoka kwenye jiwe bila kelele, kijani, baridi,
unapita chini ya daraja la barabara kuu
na kuingia baharini
kama mtu aliyerudi kwao na hana cha kueleza.

Mimi wa Pangani. Mto naujua:
wetu mpana, una tope, una mamba na mizoga ya minazi.
Huu nauvuka bila kulowesha gauni.
Siku ya kwanza nilicheka. Sajeevan, mwongoza wavuvi,
akaniambia kwa Kiarabu chake cha Kerala:
"Ngoja mvua."

Wageni wanakuja na fimbo ndefu ndani ya mirija,
na nzi wa manyoya waliofungwa kwa uzi wa hariri.
Nzi! Wa kumdanganya kolekole.
Wanasimama mdomoni mwa mto, maji kiunoni,
wanachapa hewa kama wanaofukuza deni.
Na wakimpata (hapo ndipo niliacha sufuria nikatoka nje)
wanampima, wanampiga picha,
wanamshika mkia ndani ya maji mpaka apate pumzi,
kisha wanamwachia.

Wanamwachia.
Halafu wanakaa mezani, wananiuliza leo kuna nini.
Kuna samaki, nasema. Wa kununua, kutoka Sur, kwenye barafu.

Mama yake tajiri, Bibi Shinuna, alizaliwa Ng'ambo.
Kiswahili chake kilipanda meli kikiwa na miaka kumi na mmoja,
hakikukua tena. Neno "changamoto" halijui.
Ananiuliza bei ya muhogo, kwa senti.
Jioni tunachambua mchele, yeye mawe, mimi chuya.
"Mwakani utarudi?"
Ungo ukaniinama. Nikaokota punje moja moja,
nikapeta upya.

Pasi yangu imo kwenye kabati la chuma
pamoja na leseni ya gesi na funguo za akiba.
Si kwa ubaya, anasema tajiri, ni kwa usalama.
Na kweli si mtu mbaya. Mshahara haujachelewa
ila Disemba, na Disemba aliomba radhi.

Januari, Mkuwaiti mmoja, mnene, mpole,
alimvua kolekole mwenye mdomo uliochanika.
Sajeevan alimtambua, akafungua daftari lao:
tarehe, uzito, kovu. Tarehe, uzito, makovu mawili.
Hii ya tatu.
Nikamwuliza, hajifunzi?
"Anajifunza," akasema. "Lakini ana njaa pia."

Machi ikanyesha huko milimani, sisi hatukuisikia.
Tulisikia mawe.
Ule mto wa kuvuka bila kulowesha gauni
ukaja rangi ya chai ya maziwa, umebeba mtende uliosimama wima,
mbuzi, mtungi wetu wa gesi, meza ya wageni na kitambaa chake.
Wote walikimbilia juu wakipiga kelele.
Mimi nilibaki mlangoni kidogo.
Nilitaka kuusalimu. Sasa nakujua, nikauambia.

Siku tatu tulichota tope kwa sufuria za pilau.
Daftari la Sajeevan halikuonekana.

Tajiri akafungua kabati.
Akanipa pasi, akanishika mkono, akaukawiza mkononi mwake
kama anayesubiri jambo,
kisha akaniachia.

Uwanja wa ndege, Maskati. Ndani ya pasi
kuna karatasi iliyokunjwa mara nne:
Oktoba, nyongeza riali kumi na tano, sahihi hapa.
Kalamu nimeazima kwa mama wa kiti cha pili.
Bibi Shinuna ameagiza muhogo,
mbichi, usiooshwa, na udongo wake.